Kisima cha ubatizo ni mlango wa nani?

Leo tunaandika juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakipita tu siku ya Jumapili: kisima cha ubatizo. Ni lile beseni la jiwe au la saruji ambapo mtoto anamwagiwa maji na kuitwa jina.

Huko Uingereza makanisa mengi ya vijijini yana visima vya mawe vya miaka 800 na zaidi. Mara nyingi viko karibu na mlango, sababu ubatizo ni kuingia. Mwaka 1236 Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza vifunikwe na kufungwa kwa kufuli, maana watu waliiba yale maji kwa ajili ya uchawi. Kumbe zamani hizo watu walikuwa wanajiuliza tayari: nani anashika ufunguo?

Hapa Rwanda swali hilo lilimfikia hata mfalme.

Mapadri Weupe walifika Save mwaka 1900, enzi za Mfalme Yuhi Musinga. Musinga alikataa kubatizwa. Wabelgiji walimwona kama kizuizi, na Askofu Léon Classe naye alimshutumu. Novemba 1931 wakamwondoa kwenye kiti na kumweka mtoto wake, Rudahigwa, aliyeitwa Mutara wa Tatu. Miaka ile machifu wengi walikimbilia ubatizo, kwa sababu mwenye maji alipata cheo kwa urahisi zaidi. Mambo yalienda kasi mpaka wamisionari wenyewe wakayaita kimbunga.

Tarehe 17 Oktoba 1943, huko Kabgayi karibu na Muhanga, Rudahigwa alibatizwa pamoja na mama yake, Kankazi. Alipewa majina Charles Léon Pierre. Léon ni jina la askofu Classe. Pierre ni jina la msimamizi wake wa ubatizo, Pierre Ryckmans, Gavana Mkuu wa Kongo ya Wabelgiji. Yaani mfalme alitoka kwenye maji akiwa na jina la askofu na jina la mtawala. Mwaka 1946 akaikabidhi nchi yake kwa Kristo Mfalme.

Sasa, siku ile ya sherehe baba yake alikuwa wapi? Musinga alipelekwa kwanza Kamembe, ng'ambo tu ya Bukavu. Mwaka 1940 wakamhamishia Moba, Katanga, kando ya Ziwa Tanganyika. Alifia huko mwaka 1944. Sisi tuliotoka Kongo tukaja Rwanda tunaijua njia hii. Yeye aliipita akielekea kule tulikotoka.

Hatusemi ubatizo ni mbaya. Wengi wetu tumebatizwa, na kundi letu lina Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu. Tunachosema ni kwamba maji yakifanywa tiketi ya cheo, hayambadilishi mtu moyoni. Mwaka 1994 watu walikimbilia makanisani wakauawa humo humo, na wauaji wengi walikuwa wamebatizwa kama wao. Lile beseni peke yake halikumzuia mtu.

Lakini kisima kina kazi nyingine ambayo mkimbizi anaielewa haraka: jina lako linaandikwa kwenye kitabu. Kwa baadhi ya familia zilizokimbia, cheti cha ubatizo ndiyo karatasi pekee yenye jina la mtoto, tarehe na majina ya wazazi. Basi wandugu, kama unacho, kipige picha, kitunze mbali na mvua. Kama kilipotea, uliza kama parokia yako ya zamani bado ina kitabu chake.

Na ninyi mnaofanya kazi ya misaada, mkipokea karatasi hiyo, isomeni kwa ajili ya jina na tarehe. Na asiye nayo aandikwe vilevile. Musinga naye hakuwa nayo, na alikuwa na jina.