MASISI – WALIKALE: Baada ya D6, nani anachagua chuo kikuu?

Siku matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, huku kwetu watu hawalali. Ujumbe unafika kwenye simu, mama anapiga vigelegele, mtoto anamwagiwa poda nyeupe kichwani. Hata jirani ambaye hamjasalimiana tangu mwaka jana anakuja kuuliza asilimia. Kesho yake poda imeoshwa, na baba anamwita mtoto pembeni: «Sasa utaenda kusoma wapi?»

Swali hilo nimelisikia Sake, nimelisikia Nyabiondo, nimelisikia Mubi. Tunaliuliza kama vile jibu liko mikononi mwa mtoto. Lakini ukifuata historia ya nchi yetu, utaona kwamba kwa zaidi ya miaka 70 wengine ndio walimjibia. Leo ninaomba wanafunzi wa mwaka wa sita pamoja na wazazi wao wasome historia hiyo, maana inaweza kuwasaidia kabla ya kuuza ng'ombe au shamba.

Wakati wa mkoloni

Kabla ya mwaka 1954, Congo haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kijana mwenye akili aliyetoka kijijini alijulikana kwanza na padri au mchungaji wa misheni. Huyo ndiye aliyeamua kama ataenda seminari, ataenda kusomea ualimu, au atafundishwa kazi ya kusaidia waganga. Kwa wasichana njia ilikuwa nyembamba zaidi.

Mwaka 1954 Lovanium ilifunguliwa Léopoldville, leo Kinshasa, kwa msaada wa chuo kikuu cha kikatoliki cha Louvain huko Ubelgiji. Miaka miwili baadaye, mkoloni akafungua chuo cha serikali Elisabethville, leo Lubumbashi. Vyote viwili vilikuwa mbali sana na milima yetu. Tarehe 30 Juni 1960 nchi ilipopata uhuru, Wacongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika 30.

Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua chuo kikuu cha tatu Stanleyville, leo Kisangani. Hicho ndicho kilichokuwa karibu zaidi na watu wa Walikale. Lakini Agosti 1964 waasi Simba waliteka mji, na chuo kikahamishiwa Léopoldville kwa muda. Msomaji, shika jambo hilo. Si mara ya kwanza vita kuhamisha masomo katika upande wetu huu.

Serikali inachagua

Mtihani wa serikali ulianza mwaka 1967. Kwa mtoto wa Masisi lilikuwa jambo kubwa, maana alipimwa kwa mtihani uleule anaopimwa mtoto wa Kinshasa. Kuanzia hapo karatasi moja ilikuwa na nguvu nchi nzima.

Kisha ikaja 1971. Serikali ya Mobutu ilikuwa imegombana na wanafunzi. Tarehe 4 Juni 1969 askari waliwapiga risasi wanafunzi walioandamana Kinshasa. Agosti 1971 vyuo vikuu vyote vitatu vilifanywa kimoja, UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre, na masomo yakagawanywa kati ya miji. Aliyetaka sheria alielekea Kinshasa. Wa lugha na historia walipelekwa Lubumbashi. Wa elimu ya akili na ualimu walikwenda Kisangani.

Wazee waliosoma wakati ule wanasimulia kwamba ulijaza fomu, ukaandika unachotaka, kisha ukangojea Kinshasa iseme. Wengine waliomba hiki wakapewa kile. Hata hivyo, wazee haohao wanakumbuka kwamba serikali ilitoa bursa, kitanda na chakula. Mtoto wa mkulima wa maharagwe aliweza kusoma bila baba yake kuuza kitu. Hukuchagua, lakini pia hukulipa. Leo mambo yamegeuka: unachagua, na unalipa.

Barabara inachagua

UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, na vyuo vitatu vikarudia kujitegemea. Uchumi ulikuwa unaanguka, bursa zikapotea. Hapo makanisa na watu binafsi wakaingia. Goma ilipata ULPGL ya Wabaptisti, iliyoanza mwaka 1985. Mwaka 1989 Wakatoliki walifungua vyuo Butembo na Bukavu. Katikati ya hayo, mwaka 1988, Kivu iligawanywa, na Goma ikawa mji mkuu wa Kivu ya Kaskazini. Zamani makaratasi yetu yote yaliishia Bukavu. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Kisangani kikafungua tawi Goma, na tawi hilo ndilo lililokua likawa UNIGOM ya leo.

Kwa hiyo mtoto wa Masisi aliweza kusoma chuo kikuu akiwa karibu na kwao. Uchungu ni kwamba mwaka huohuo wa 1993, mwezi wa Machi, mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi. Milango ya chuo ilipofunguliwa, vijiji vilikuwa vinakimbia.

Tazama pia ramani. Barabara ya Masisi inashuka Sake, inaingia Goma. Walikale iko kwenye barabara ya kitaifa namba 3: upande mmoja Lubutu na Kisangani, upande mwingine Hombo na Bukavu. Ndiyo sababu ukikutana na mwalimu au muuguzi mzee wa Walikale, mara nyingi atakuambia alisoma Kisangani au Bukavu, na wa Masisi atakuambia Goma. Hakuna aliyekaa akachagua hivyo. Gari lilikuwa linaelekea huko.

Vita vya 1998 hadi 2003 vilikata barabara hizo. Kisangani yenyewe ilipigwa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini kwa siku sita. Miaka iliyofuata, ndege zilitua kwenye lami ya Kilambo, Walikale, kuchukua kasiterite ya Bisie. Jiwe lilikuwa na ndege. Mwanafunzi alitembea kwa mguu.

Kitanda kinachagua

Na mimi nitoe ushuhuda wangu. Nilipopata D6, nilitaka kusoma agronomia. Nimekulia kati ya ng'ombe na viazi, niliona kazi iko pale. Lakini mjomba wangu alikuwa na chumba Goma, na Goma ndipo nilipokwenda. Alinipa kitanda, akaniambia wazi kwamba minervali ya miaka mitano hataiweza. Kozi ya uandishi wa habari ilikuwa fupi, nikaifuata. Sijutii, redio imenilea. Ila kitanda cha mjomba ndicho kilichochagua, na ninajua vijana wengi ambao habari yao ni hiyohiyo.

Siku hizi vyuo ni vingi, kila kimoja kina matangazo. Masomo nayo yamebadilika: tangu mwaka 2021-2022 nchi imeingia mfumo wa LMD, na lisanse inachukua miaka mitatu, pahali pa ile graduat ya mitatu na lisanse ya miwili. Mzazi anayehesabu pesa kwa mpango wa zamani anaweza kukosea hesabu.

Nimezungumza na familia moja ya Masisi iliyouza ng'ombe wawili kumlipia kijana mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili waliambiwa kwamba chuo hakimo katika orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na wizara. Ng'ombe hawakurudi. Kijana anaendesha piki-piki Sake. Baba yake aliniambia hakujua kwamba kuna orodha.

Na sasa, tangu AFC/M23 walipochukua Masisi-kati na Goma Januari 2025, na kuingia Walikale-kati Machi mwaka huohuo kabla ya kuondoka, maswali yamezidi. Wazazi wananiuliza: Goma, Butembo, Kisangani? Njia ipi iko wazi? Benki zikifungwa, pesa itamfikia mtoto namna gani? Mimi si mshauri wa shule. Ninaloweza kusema ni lile historia inalonionyesha.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuandikisha jina

Kwanza, uliza kama chuo na kitivo unachotaka vinatambuliwa na wizara ya elimu ya juu. Usiulize mwenye chuo peke yake. Uliza pia aliyemaliza hapo na mwajiri anayeajiri watu.

Pili, uliza kama seksyo yako ya sekondari inakuruhusu. Uliyesoma pedagojia au biashara, usingojee kufika Goma ndipo uambiwe kozi unayotaka inadai seksyo nyingine.

Tatu, hesabu hadi mwaka wa mwisho: minervali, chumba, chakula, karatasi za kumalizia. Mwaka wa kwanza karibu kila familia inaulipa. Wengi wanaangukia mwaka wa pili.

Nne, uliza barabara. Ikikatika, una ndugu upande gani? Chuo kingine kitapokea alama zako? Kila mwisho wa mwaka omba karatasi ya alama na uifiche vizuri. Aliyekimbia na karatasi zake anaweza kuendelea mji mwingine. Aliyeziacha ndani ya nyumba ataanza upya.

Tano, mwulize mtoto anataka nini. Padri aliulizwa, serikali iliulizwa, mjomba aliulizwa. Baba wa Nyabiondo aliyeniita mwezi uliopita ili tuongee juu ya binti yake alikuwa ameandika vyuo vitatu kwenye kikaratasi. Binti alikuwa nje, anachambua maharagwe. Nilimwomba amwite aketi nasi, na tukaanza mazungumzo upya.