Mmea Uliotangulia Samaki

Anayenunua tangi la kioo kwa mara ya kwanza aghalabu huanza kwa kuchagua samaki, kisha hukumbuka mchanga, na mwishoni kabisa, ikiwa fedha zimesalia, hutia mmea mmoja au miwili kwa ajili ya pambo. Lakini tarikhi ya ufugaji huo inatuonyesha kinyume chake, kwani mmea ndio uliowezesha samaki kukaa sebuleni bila ya taabu.

Wachina walifuga samaki wa dhahabu tangu karne nyingi, na Ulaya nayo ikawaweka katika mabakuli ya kioo, ila ilikuwa lazima maji yabadilishwe kila mara, ama sivyo samaki hufa. Mwaka 1832 Bibi Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyekaa Messina katika kisiwa cha Sicily, aliunda masanduku ya kioo apate kumchungua pweza mmoja mwenye kombe jembamba, akathibitisha kwamba mnyama huyo hulijenga kombe lake mwenyewe wala haliibi kwa mwingine. Miaka kumi na minne baadaye Bibi Anna Thynne alichukua matumbawe kutoka pwani ya Torquay akayapeleka London, na ili yasife, mtumishi wake alilazimika kuyachota na kuyamimina maji mbele ya dirisha lililo wazi yapate hewa (naye, kwa maoni yangu, astahiki sehemu ya sifa), mpaka bibi huyo alipojaribu kutia mwani.

Aliyeifumbua siri hii kwa utaratibu wa kitaalamu ni Robert Warington, mkemia wa London. Tabibu wa Kiholanzi Jan Ingenhousz alikuwa amekwisha kubainisha mwaka 1779 kwamba majani yapigwapo na mwanga hutoa hewa njema. Basi Warington, mnamo 1849, alitwaa chombo cha kioo cha galoni 12, akakijaza maji nusu, akatandaza mchanga na matope, akapanga mawe ambayo samaki wangeweza kujificha chini yake, akapanda mche wa valisneria, mmea wa majani marefu membamba, akatia na samaki wawili wadogo wa dhahabu, kisha akafunika mdomo wake kwa kitambaa chepesi, kwa kuwa hewa ya London siku zile ilijaa masizi. Mambo yalikwenda vyema hata majani makuukuu yalipoanza kuoza na maji kuchafuka. Hapo ndipo alipowaleta konokono wa majini, nao wakayala yale yaliyooza, maji yakatakata, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Habari hizo alizisoma mbele ya wanakemia wenzake mwaka 1850.

Ushuru wa kioo ulikuwa umefutwa Uingereza mwaka 1845, kwa hiyo bei haikuwa kizuizi tena. Na mwaka 1853 jumba la samaki lilipofunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, kisha mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alipotoa kitabu chake juu ya matangi hayo, shauku iliwashika watu hata wakayakwangua madimbwi ya miambani pwani kwa pupa isiyo na huruma.

Jambo moja Warington hakulijua, nalo likaja kuchunguzwa na mwanawe, aliyeitwa Robert vilevile, katika shamba la utafiti la Rothamsted: kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, kwa hatua mbili, mpaka iwe chakula cha mimea. Vijidudu hivyo hukaa mchangani, wala havizaliani kwa siku moja.

Kwa hiyo, msomaji uliyeazimia kuweka tangi lako la kwanza, liweke mbali na jua kali lisije likaota ukoga, tandaza mchanga, panda mimea mingi, uiache ishike mizizi kwa majuma kadhaa, kisha ndipo ulete samaki wachache pamoja na konokono wawili watatu. Na muuzaji akikuhimiza uwachukue samaki siku ile ile unayonunua kioo, mshukuru, ulipe kioo chako, uende zako.