Sarafu Haisemi Peke Yake

Vijana wenzangu, kijiweni ukitaja mashine ya kugundua chuma, stori ni moja tu: rupia za Mjerumani. Fulani kachimba usiku kucha, fulani kapewa ramani na babu, fulani kesho ananunua gari. Mimi nacheka nao, kisha nauliza: hiyo rupia ilikuwa ya nani, na aliifukia kwa nini? Hapo kimya. Basi ndugu msomaji, swali hilo ndilo lililonifanya niipende mashine hii, ingawa mwenyewe sina.

Wala si uchawi. Umeme hupita kwenye waya ulioviringwa na kutengeneza nguvu ya sumaku. Ardhini kukiwa na chuma, shaba, fedha au dhahabu, nguvu ile huvurugika na mashine hulia. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu chombo cha namna hiyo kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, hakuipata. Katika Vita Kuu ya Pili, Józef Kosacki, ofisa wa Poland aliyekuwa uhamishoni, akaunda cha kutafutia mabomu ya ardhini. Hakukiuza, aliwapa Waingereza bure, na mwaka 1942 kikatumika El Alamein, Misri. Vita vilipokwisha, mashine zikaingia mikononi mwa raia, na mchezo ukaanza mashambani.

Mchezo wenyewe mara nyingi ni kuokota misumari na vizibo vya chupa. Lakini Novemba 16, 1992, huko Hoxne, mashariki mwa Uingereza, mzee Eric Lawes aliingia shambani kumtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea. Mashine ikalia. Zikatoka sarafu, vijiko vya fedha, mikufu ya dhahabu. Mzee akaacha kuchimba, akatoa taarifa. Kesho yake wanaakiolojia wakafika: karibu sarafu 15,000 za Kirumi na vitu vingine kama 200! Kwa kuwa vingi vilikutwa mahali pake, wakatambua kwamba mali ilipangwa kwa uangalifu ndani ya sanduku la mbao, baada ya mwaka 407, utawala wa Kirumi ulipokuwa unaporomoka kule. Kumbe kuna mtu alifungasha akitumaini kurudi. Hakurudi. Lawes alizawadiwa pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima. Na nyundo? Ilipatikana, nayo iko British Museum.

Sasa linganisha. Mwaka 2015, huko Herefordshire, watu wawili walifukua hazina ya enzi za Waviking, wakaificha na kuiuza kimyakimya. Mwaka 2019 mahakama iliwatia hatiani. Inaaminika sarafu zilikuwa kama 300; hadi wakati huo zilizookolewa zilikuwa kama 30. Miongoni mwake zimo zinazoonyesha kwamba mfalme Ceolwulf wa Pili, aliyeandikwa na mahasimu wake kama kibaraka, alikuwa mshirika wa mfalme Alfred. Sarafu 30 zimebadilisha historia. Zilizopotea zingesema nini? Wale jamaa waliuza sentensi moja moja, kitabu kikapotea.

Msidhani haya ni ya Wazungu tu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba karne kadhaa kabla Mreno hajaivamia Kilwa mwaka 1505. Mwaka 1944 askari Maurie Isenberg, bila mashine yoyote, aliokota sarafu tano za Kilwa kisiwani kaskazini mwa Australia. Akaziweka koponi mpaka mwaka 1979, alipozitoa zichunguzwe. Zilifikaje huko? Wataalamu wanabishana hadi leo, nao wanapata la kubishania kwa sababu mwokotaji alisema aliziokota wapi.

Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kufukua mambo ya kale bila kibali, na mimi naiunga mkono. Anayechimba usiku peke yake anaiba hata kumbukumbu ya babu yake mwenyewe. Kwa hiyo ukiokota kitu ufukweni au shambani, usikisugue king'ae. Andika umekikuta wapi na lini, kapeleke taarifa Mambo ya Kale. Halafu tuandikie sisi wenzako tukisome.