Mtendeli na Picha za Angani

Mwaka 1972 yalitukia mambo mawili yasiyohusiana. Mnamo Aprili mauaji yalizuka Burundi, na wakimbizi wengi wakavuka mpaka kuingia Kigoma. Tarehe 23 Julai Marekani ikarusha setilaiti ya kwanza ya Landsat, iliyoundwa mahsusi kupiga picha za nchi kavu. Nukta moja ya picha zake ilifunika mraba wa mita 80 hivi kila upande. Pori na bonde vilionekana, bali kibanda cha mkimbizi hakikuonekana.

Hata baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Mtendeli ilipokuwa kambi katika wilaya ya Kibondo ya wakati ule, watu walihesabiwa kwa daftari na kadi ya chakula. Hatari ya kutegemea picha pasipo daftari ilidhihirika Novemba 1996 mashariki mwa Zaire. Kambi za Wanyarwanda zilikuwa zimevunjika, na wakubwa, picha za angani mikononi, wakabishana kama waliobaki misituni walikuwa malaki au wachache. Jeshi la kimataifa lililokusudiwa kuwasaidia likavunjwa kabla ya kuifanya kazi yake. Aliyekuwa msituni hahitaji kuelezwa hasara ya ubishi huo.

Mkataba wa kimataifa wa kutoa picha za setilaiti wakati wa maafa makubwa ulianza kazi tarehe 1 Novemba 2000. Lakini ulihusu mafuriko, matetemeko ya ardhi na ajali za mitambo, wala si vita. Picha za kambi zikawa hasa kazi ya UNOSAT, kitengo cha Umoja wa Mataifa.

Mtendeli ilifunguliwa upya Januari 2016 kuwapokea Warundi waliokimbia machafuko yaliyoanza 2015. Kufikia hapo zilikuwapo setilaiti za biashara zenye kutambua kitu cha sentimita 30 hivi. Mtaalamu huhesabu mapaa, kisha huzidisha kwa wastani wa watu wa kaya, na wastani ukikosewa hesabu yote imekosewa. Turubai jeupe hung'aa pichani. Kibanda cha matope kilichoezekwa nyasi hufanana na udongo, na paa halisemi kama chini yake wamelala wanne au kumi.

Tena, shida kubwa ya Mtendeli ilikuwa maji. Uoto unaobaki kijani wakati wa kiangazi ni dalili ya mahali pa kupimwa, basi; maji yenyewe hujulikana kwa kuchimba. Wakati wa mvua mawingu huifunika nchi. Rada ya Sentinel-1A, iliyorushwa tarehe 3 Aprili 2014, ilipenya mawingu na kuonyesha maji yaliyotuama, lakini hema lililoraruliwa na upepo ni dogo mno kwa rada hiyo. Hilo lilitaka mtu wa kwenda kwa miguu akaone.

Mwaka 2021 wakazi waliosalia walihamishiwa Nduta, na kambi ikafungwa. Picha za Landsat, zinazotolewa bure tangu 2008, zaweza kumwonyesha mwanahistoria sura ya pori kabla ya kambi na baada yake. Majina ya waliokaa hapo itampasa kuyatafuta kwingine, Nduta na ng'ambo ya mpaka.