Ukurasa Unaotungwa Papo kwa Papo: Asili ya Programu za Seva

Mwishoni mwa mwaka 1990, katika maabara ya fizikia ya CERN iliyo kando ya mji wa Geneva, ilianza kufanya kazi kompyuta nyeusi ya kampuni ya NeXT, ambayo ilibandikwa karatasi yenye maneno ya wino mwekundu, ikimtahadharisha kila apitaye kwamba mashine ile ni seva na kwamba ni marufuku kuizima. Tahadhari hiyo haikuwa ya bure, maana wavuti wote wa dunia kwa wakati ule ulikuwa ndani ya sanduku lile moja, na lau mfagizi angaling'oa waya wa umeme, usingalipatikana mahali pengine popote. Mwenye mashine alikuwa Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyewapelekea wakubwa wake pendekezo la kazi hiyo mwezi Machi 1989.

Kazi ya seva ile ilikuwa nyepesi kiasi kwamba anayeanza elimu hii leo aweza kuifahamu kwa mkao mmoja. Programu ilikaa macho ikisubiri. Kivinjari kikaleta mstari mmoja tu wenye neno GET na njia ya faili iliyotakiwa. Seva ikaisoma faili hiyo diskini, ikaituma, kisha ikakata mawasiliano pasipo kuweka kumbukumbu yoyote ya aliyeomba. Baadaye vichwa vya maelezo viliongezwa juu ya ombi na juu ya jibu, pamoja na zile namba za hali ambazo hata wasio wa fani hii wamezizoea, 200 kwa kilichopatikana na 404 kwa kilichokosekana, lakini umbo la mazungumzo lilibaki lilelile, na mwanafunzi atakayelishika vema umbo hilo la ombi na jibu atakuwa ameshika nusu ya elimu.

Nusu ya pili ilizaliwa mapema kuliko watu wengi wanavyodhani, wala haikuzaliwa Geneva. Mwezi Septemba 1991 mwanafizikia Paul Kunz wa maabara ya SLAC, huko Stanford, California, alimtembelea Berners-Lee, akaonyeshwa wavuti, na mara akaitambua dawa ya taabu iliyokuwa ikiwasumbua wenzake. SLAC ilikuwa na hifadhidata iitwayo SPIRES, hazina ya orodha za maandishi ya fizikia iliyotegemewa na wataalamu wa nchi nyingi, lakini kuitafuta kulihitaji ujuzi wa amri zake na idhini ya kuifikia kompyuta kubwa iliyokuwamo. Kunz alirudi kwao, akaungwa mkono kwa hima na mkutubi Louise Addis, na tarehe 12 Desemba 1991 seva ya kwanza ya wavuti nchini Marekani ikawa tayari. Mtafutaji aliandika jina la mwandishi, seva ikaiuliza hifadhidata, nayo hifadhidata ikarudisha majibu yaliyopangwa katika ukurasa ambao dakika moja kabla haukuwapo mahali popote. Kwa rai yangu siku hiyo yastahili heshima kubwa kuliko inayopewa, kwa sababu ndipo ukurasa ulipokoma kuwa kitu kilichohifadhiwa tu ukawa kitu kinachotungwa papo kwa papo kwa ajili ya mwenye kuomba. Na hiyo ndiyo maana yote ya kuandika programu za upande wa seva.

Hata hivyo, kila aliyetaka kufanya kama Stanford ilimpasa aifumue seva yenyewe na kushona ndani yake programu yake. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliutoa msimbo wa wavuti uwe mali ya umma, na mwaka huohuo, katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, kijana Rob McCool, aliyekuwa ameandika seva iliyopendwa mno wakati ule, alipatana na waandishi wenzake wa seva juu ya kanuni iliyopewa jina la CGI. Mapatano yenyewe ni mafupi ajabu. Seva ipokeapo ombi lenye kuelekea programu fulani, huiamsha programu hiyo na kuiwekea maneno ya muombaji katika kigeu kiitwacho QUERY_STRING. Programu hufanya hesabu zake, kisha huchapisha mstari wa kutaja aina ya jibu, huacha mstari mmoja mtupu, halafu huchapisha ukurasa. Mstari ule mtupu si pambo. Ndio mpaka baina ya vichwa na mwili wa jibu, na mwanafunzi akiusahau, seva hutangaza kosa namba 500 wala haimwelezi mgeni zaidi ya hapo. Uzuri wa kanuni hii ni kuwa haikujali lugha: aliyejua C aliandika kwa C, na wengi zaidi walitumia Perl, lugha aliyoitoa Larry Wall mwaka 1987 na ambayo ilikuwa hodari wa kuchambua maandishi.

McCool aliihama NCSA mwaka 1994, na watumiaji wa seva yake, wakiwa wameachwa na marekebisho yaliyotapakaa huku na huko, waliunganisha nguvu mwaka 1995 wakatoa seva ya Apache. Lakini Apache au isiwe Apache, CGI ilikuwa na gharama: kila ombi liliamsha programu upya, na maombi mengi yakija kwa pamoja mashine ilielemewa.

Kutoka katika taabu za namna hiyo ilichipuka PHP. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliandika mwaka 1994 programu ndogo za CGI kwa lugha ya C ili ajue ni nani waliokuwa wakiusoma wasifu wake mtandaoni, na tarehe 8 Juni 1995 akawapa watu wote msimbo wake bila malipo. Fikra iliyokomaa humo iligeuza mpango wa awali: badala ya programu kubeba vipande vya ukurasa tumboni mwake, ukurasa ndio uliobeba vipande vya programu, na seva ikavitekeleza kabla ya kutuma jibu. Andi Gutmans na Zeev Suraski, waliokuwa wanafunzi nchini Israeli, waliiandika upya lugha hiyo, na toleo la tatu likatoka Juni 1998. Ikiambatana na hifadhidata ya MySQL kutoka Sweden, PHP ilikuwa mlango ambao maelfu ya vijana, wa kwetu wakiwamo, waliingilia katika fani hii.

Ile tabia ya seva kumsahau muombaji mara amwachapo ilileta mushkeli biashara ilipoingia mtandaoni. Ni duka gani litakalouza ikiwa mwenye duka humwona mteja kuwa mgeni kila anyooshapo mkono kuongeza kitu kikapuni? Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni kidakuzi, kijineno ambacho seva hukikabidhi kivinjari, na kivinjari hukirudisha katika kila ombi lifuatalo. Aghalabu kidakuzi hubeba namba ya utambulisho tu, ilhali habari zenyewe za mteja hukaa salama upande wa seva.

Jambo la usalama laniuma kuliko yote, kwa kuwa vitabu vingi vya wanaoanza huliacha hadi sura za mwisho. Ombi hutoka kwa mtu usiyemjua, na tangu Desemba 1998, lilipochapwa katika jarida la Phrack onyo juu ya hila ya kupenyeza amri za SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, hakuna mwandishi mwenye udhuru. Mfano u katika lugha yetu wenyewe. Mtu akitafuta neno ng'ombe, na programu ikalibandika neno hilo moja kwa moja ndani ya amri ya hifadhidata, ile alama iliyo kati ya g na o huhesabiwa kuwa mwisho wa maandishi, na herufi zilizosalia husomwa kana kwamba ni sehemu ya amri. Kwa mtu mwema hutokea kosa; kwa mwovu, ambaye baada ya alama hiyo huandika amri kamili, huenda jedwali zima likafutwa. Dawa ni kuipeleka amri peke yake na neno la mgeni peke yake, ili hifadhidata isivichanganye kamwe.

Zilizofuata ni zana za kupunguza kazi ya mkono: Rails mwaka 2004, Django mwaka 2005 kutoka chumba cha habari cha gazeti moja la Kansas, na mwaka 2009 Node.js ya Ryan Dahl, iliyowawezesha watu kuandika seva kwa JavaScript, lugha waliyoizoea katika kivinjari. Namshauri mwanafunzi asianze na hizi, bali aandike kwanza programu moja ya CGI kwa mkono wake, aone ombi likiingia na jibu likitoka, ndipo azichukue zana hizo kwa kuzielewa.

Afrika Mashariki nayo haikubaki mtazamaji. Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika siku za machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao walianzisha Ushahidi, tovuti iliyopokea taarifa za wananchi, ikazihifadhi, na kuzionyesha juu ya ramani. Programu waliyoitoa bure kwa ulimwengu baada ya hapo iliandikwa kwa PHP, na tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti Januari 2010, ni programu hiyo iliyowekwa mtandaoni ili kupokea habari za waliokuwa chini ya vifusi na waliokosa maji.