Sauti Tatu Nyuma ya Nyota

Wimbo wa soul unaimbwa na watu wa aina mbili: anayeongoza na wanaomwitikia. Anayeongoza tunamjua kwa jina na kwa sura. Na hao wengine je? Mimi nina mazoea ya kugeuza majalada ya santuri za Motown za miaka ya 1960 nikitafuta majina yao. Mara nyingi naambulia patupu.

Basi hebu tuwataje. Jackie Hicks, Marlene Barrow na Louvain Demps, kwa pamoja wakiitwa The Andantes. Walifanya kazi Detroit, katika ile nyumba ya West Grand Boulevard ambayo Berry Gordy aliigeuza studio mwaka 1959. Ukisikiliza “My Guy” ya Mary Wells (1964), wamo. Kwa Four Tops, hizo sauti za kike zinazopanda juu ya wanaume wanne ni zao. Walikuwa waimbaji wa studio: unaitwa, unaimba, unalipwa ujira wa kikao, unaenda zako.

Kilichowezesha haya yote ni tepu. Katikati ya muongo ule Motown ilikuwa na mashine ya kurekodi yenye njia nane, kila njia na sauti yake. Ngoma na besi zinarekodiwa leo, kiongozi kesho, waitikiaji siku nyingine, kila sauti ikitiwa juu ya nyingine. Kumbe watu wanaosikika wakijibizana si lazima wawe wamekutana! Katika “Ain't No Mountain High Enough” (1967), Tammi Terrell aliimba sehemu yake peke yake. Marvin Gaye akaja kuongeza yake baadaye. Sisi tunasikia wapenzi wawili wakitazamana.

Hapo hakuna aliyedhulumika. Lakini njoo mwaka 1968. “Love Child” ilitoka kwa jina la Diana Ross & the Supremes, ikafika namba moja Marekani. Mary Wilson na Cindy Birdsong walikuwa Supremes, ila wanaoitikia mle ndani ni The Andantes. Mwaka uliofuata “Someday We'll Be Together” nayo ikashika namba moja. Safari hii waliomwitikia Diana ni Maxine na Julia Waters. Yaani wengine walibaki na sura bila sauti, wengine na sauti bila sura. Jina la kundi ndilo lililouzwa.

Halafu tepu hiyohiyo ikamfungulia mtu mlango. Marvin Gaye alipokuwa akirekodi “What's Going On”, fundi mitambo Ken Sands alimchezea kwa pamoja sauti mbili za kuongoza alizorekodi, ambazo Marvin alitaka achague moja. Akazipenda zote mbili. Wimbo ukatoka mwaka 1971, mtu mmoja akijiitikia mwenyewe, na tangu hapo kuzipanga sauti zake tabaka kwa tabaka kukawa alama yake.

Kwa hiyo siilaumu mashine. Iliweka kila sauti kwenye njia yake, safi kabisa, hata ya aliyesimama nyuma. Waliochapa majalada ndio walioamua nani aandikwe. Kidole kimoja hakivunji chawa, na nyota mmoja hakuijenga Motown. Ukiucheza tena “Love Child”, acha Diana aendelee kidogo, wewe fuata zile sauti za nyuma. Ni Jackie, Marlene na Louvain.