Gato ya Noeli ni ya nani? Historia ya keki iliyokuja na treni



Mwezi wa kumi na moja mvua ikianza, bamama waliorudia toka Zambia wanaanza kununua zabibu kavu kidogo kidogo, paketi moja leo, ingine wiki inayokuja. Majirani wanawachekesha: «Hiyo keki ya Bazambia ni ya nini? Siye hapa tunakula gato.» Ni mchezo, lakini unachoma. Mutu aliyerudia kwao hapendi kuambiwa kama hata chakula chake ni cha kigeni. Basi tuangalie historia: hii keki nyeusi ya matunda ilipita njia gani kufika Lubumbashi, na ni mikono ya nani iliyoipika?

Asili yake ni Uingereza. Zamani kule keki kubwa ilikatwa siku ya Epifania, tarehe 6 Januari, na mu karne ya 19 ikahamia ku Noeli. Lakini vitu vyake havikutoka Uingereza. Mu 1927, ofisi ya serikali yao ya kutangaza mazao ya makoloni ilitoa orodha ya vitu vya pudingi ya Noeli ya mfalme, na pudingi hiyo ni ndugu ya keki yetu. Mulikuwa zabibu za Australia na za Afrika ya Kusini, ramu ya Jamaica, na karafuu ya Zanzibar. Kwa hiyo hata Noeli ya mfalme ilitengenezwa na jasho la watu wa mbali, pamoja na bandugu zetu wa pwani wenye kusema Kiswahili.

Kwetu keki ilifuata reli. Treni iliyotoka Kusini, kupitia Bulawayo na Ndola, ilifika Elisabethville mu 1910, mwaka uleule mji ulianza. Mu 1911 fourneau ya shaba ya Union Minière ikawashwa. Mji ulikuwa wa Wabelgiji mu karatasi, lakini miaka ya kwanza bazungu wengi walikuwa Waingereza na watu wa Afrika ya Kusini, na mu maduka watu walilipa na pauni na shilingi. Reli ya upande wa Kasai ilifika mpaka Ilebo paka mu 1928. Mbele ya hapo, unga wa ngano, makopo, na zabibu zilizokaushwa ku Cape, njia yao ya kawaida ilikuwa ile ya Kusini.

Wabelgiji nao walikuja na vyao: bûche, na cougnou, ule mukate wenye sura ya mutoto aliyefungwa mu nguo. Lakini hivi vinapikwa na kuliwa siku zilezile. Keki ya Waingereza iko na tabia ingine: inangoja. Inapikwa mwezi moja ao miwili mbele, na inazidi kuwa nzuri mu mukebe. Kwa mutu aliye mbali na kwao, mwenye kungojea treni bila kujua itafika lini, chakula cha namna hii kinafaa.

Sasa tuulize: nani alikaa mbele ya fourneau saa tatu ao ine? Alikuwa boyi. Kazi ya nyumba ya bazungu, kusafisha, kupiga pasi, kupika, ilifanywa na batata zetu na bankambo zetu, pamoja na watu wa Rhodesia ya Kaskazini na wa Nyasaland waliofuata kazi huku. Madame alisoma kitabu cha kupika. Boyi alishika yote ku kichwa. Alijua ukuni gani unatoa moto wa polepole, na wakati gani wa kutoa majivu. Keki ilipofika ku meza, watu walimusifu madame.

Historia yao ingepotea kama wao wenyewe hawakuiandika. Mu 1965, André Yav alitoa kitabu kidogo, «Vocabulaire de ville de Elisabethville», mu Kiswahili chetu cha mjini, kwa ajili ya shirika la baboyi wa zamani. Kinaeleza mji tangu mwanzo, mu macho ya wale walioingia mu nyumba za bazungu kila siku. Mu 1990 musomi Johannes Fabian alikitoa tena, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo kinasomwa mu universités za dunia. Angalieni vizuri: kitabu hicho kilizaliwa mu shirika la watu wa kawaida wenye kusaidiana, kama hili letu.

Kuna mwaka ambao Noeli yenyewe iliguswa. Mu 1974 Mobutu aliondoa tarehe 25 Desemba mu siku za mapumziko, na watu walipashwa kwenda ku kazi kama siku ingine. Majina ya Kikristo yalikuwa yamekatazwa tangu 1972. Lakini amri ya serikali haiingii mu mukebe uliofungwa. Kitu kinachongoja kinaweza kuliwa mangaribi, mulango umefungwa.

Zambia ilikuwa chini ya Waingereza mpaka 1964, na keki ya matunda ilibaki kule ku Noeli na ku ndoa. Vita ya 1998 ilipotufukuza Pweto na Moba, wengi wetu tulikaa mu kambi za Mwange na Kala. Wengine walitafuta maisha Ndola na Kitwe. Kati ya 2007 na 2010 HCR iliwarudisha watu wengi. Bamama walirudia na masufuria, na watoto wenye kusema Kibemba, na ufundi huu. Hawakuleta kitu kipya. Walirudisha kile ambacho reli ileile ilipitisha hapa miaka mia moja mbele.

Kwa wale wenye kutaka kujaribu, vipimo vya keki moja ya sentimeta 23 ni hivi: kilo moja ya matunda makavu, gramu 250 za unga wa ngano, 250 za siagi, 250 za sukari nyeusi, mayai matano, mudalasini na karafuu kidogo. Lowesha matunda usiku moja mu ramu ao brandy. Lutuku hapana, sababu hakuna anayejua nguvu yake ao kilicho ndani. Weka karatasi mara mbili mu sufuria. Ku mbabula, makala yakuwe machache chini na mengine juu ya kifuniko, saa tatu ao ine. Ikipoa, funga na karatasi, tia mu mukebe, na kila wiki choma matundu na sindano, mimina kijiko kimoja ao viwili vya ramu. Simamisha mukebe mu sahani ya maji, chungu wasipande. Wenye hawakunywa pombe watumie chai nzito, lakini keki hiyo iliwe mbele ya wiki mbili. Kwa kupamba, kama lozi iko bei, kalanga iliyosagwa na sukari inafaa. Juu yake paka nyeupe ya yai iliyopigwa na sukari ya unga, siku ambayo mvua hainyeshi, sababu unyevu unaifanya itoe machozi.

Bamama wa likelemba wanauza keki hizi mu Desemba, na feza inasaidia masomo ya Januari. Munaponunua, musiseme tena ni ya Bazambia.

Na tunawaomba neno moja. Kama mu jamaa yenu kulikuwa boyi ao mupishi, Kamalondo, Kenya, Katuba ao popote, muandike jina lake, miaka yake, na kile alichojua kupika, mulete ku kikao kinachokuja. Wazee wanaokumbuka wanabaki wachache, na keki peke yake haitatuambia nani aliyeipika.